Klorini Iliyobaki

Atomu ya klorini haikai peke yake. Maabara huipata kwa kupitisha gesi ya klorini kwenye umeme hadi molekuli zipasuke, na kila atomu hudaka chochote kilicho karibu. Kuzihesabu, unaingiza nitrosili kloridi kidogo kidogo: kila atomu hula molekuli moja, nawe unajua zilikuwa ngapi kwa kile zilichokula. Niliposoma hayo kwenye kozi yangu ya uzamili nilimkumbuka mjomba.

Tarehe 28 Aprili 1994 Wanyarwanda walianza kumiminika kwenye daraja la Rusumo. Ndani ya takriban saa 24 walishaingia Ngara watu wapatao 250,000, wakapiga kambi Benaco, mahali penye jina la kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara. Palikuwa na bwawa. Mjomba, aliyetoka Biharamulo kutafuta kibarua, akawekwa kwenye maji.

Maji yenyewe yalikuwa tope. Kwanza shabu, tope lizame, ndipo unga wa klorini. Klorini ya kwenye maji si atomu tupu, lakini ulafi ni ule ule: uchafu wowote huimaliza, na kipimo kilichotosha jana hakitoshi mvua ikinyesha. Kwa hiyo hupimi ulichotia. Unasubiri nusu saa, unatumbukiza kidonge kwenye kichupa, unalinganisha rangi. Waridi ya kutosha, yaani kama miligramu 0.5 kwa lita, tangi linafunguliwa. Yakibaki meupe, unaanza upya.

“Mpwa wangu, nusu saa ni ndefu,” aliniambia. “Kina mama na ndoo, watoto wanalia kiu, na mimi nimekodolea macho kichupa.” Siku moja alifungua kabla. Hakuendelea, nami sikuuliza.

Julai mwaka huo huo, Goma, maji ya Ziwa Kivu yalichotwa bila dawa. Kipindupindu na kuhara damu viliua karibu watu 50,000 katika mwezi wa kwanza. Benaco hapakutokea maafa ya kiasi hicho. Siwezi kuipa klorini sifa zote: Ngara mashirika yalikuwepo tangu wakimbizi wa Burundi wa 1993, na udongo wake unachimbika vyoo, tofauti na mwamba wa volkeno wa Goma. Hata hivyo, vitabu nilivyosoma vinataja mashirika tu, havimtaji mtu wa kichupa.

Desemba 1996 Wanyarwanda walirudishwa kwao. Mjomba, hadi leo, ukimpa maji hunusa kwanza.