Kutoka Mpagazi Hadi Kontena la Programu

Jina la Kariakoo tunalitaja kila siku bila kukumbuka kwamba ni jina la wabeba mizigo. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, walikiweka hapa kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, na ulimi wa wenyeji ukalimaliza neno hilo kwa namna yake. Wapagazi wale walibeba vyakula na masanduku ya risasi kwenda bara, na maelfu kwa maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi kuliko kwa vita.

Nimeanzia huko kwa sababu leo nataka tuzungumzie mzigo wa aina nyingine: programu za kompyuta zinazotumika kwenye mtandao, na safari yake kutoka kwa fundi aliyeziandika hadi kwa mwenye duka anayezitegemea.

Tabu ya mzigo wa zamani haikuwa uzito peke yake. Gunia lina umbo lake, pipa lina lake, kreti lina lake. Kila kituo mzigo ulishushwa, ukahesabiwa, ukapangwa upya, na njiani ukapungua. Tarehe 26 Aprili 1956 Mmarekani Malcom McLean, mtu wa malori, aliipeleka meli Ideal-X kutoka Newark hadi Houston ikiwa na makontena 58. Sanduku lenyewe halikuwa ajabu. Ajabu ilikuja baadaye, mataifa yalipokubaliana vipimo, vikiwemo futi 20 na futi 40, na pembe ambazo winchi yoyote inaweza kuzishika. Tangu hapo mwendesha winchi hahitaji kujua ndani mna nini. Makuli wengi wa bandari duniani walipoteza kazi kwa ajili hiyo, ingawa wanaolisifu kontena huliruka jambo hili.

Programu nazo zilikuwa na magunia na mapipa yake. Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na programu za enzi zile ziliandikwa kwa ajili ya mashine fulani. Ukibadili mashine, umejitafutia kazi upya. Hata mashine zilipokuja kufanana, ugomvi haukwisha. Fundi anaandika programu kwenye kompyuta yake, inakwenda vizuri. Anaipeleka kwenye seva ya kazi yenyewe, inaanguka, kwa kuwa kule toleo la lugha ni la zamani, au kuna kipande kidogo kinakosekana. Fundi anajibu: "Kwangu inafanya kazi." Naam, kwake inafanya kazi. Lakini mteja hayupo kwake.

Dawa ilitafutwa muda mrefu. Mwaka 1979 mfumo wa Unix ulipata njia ya kuifungia programu katika sehemu yake ya faili, isione nyingine. Lakini aliyeifikisha kwa watu wengi ni Solomon Hykes, alipoitangaza Docker mwezi Machi 2013. Nembo yake ni nyangumi aliyebeba makontena mgongoni, kwa hiyo hawakuficha waliiga wapi. Fundi anaandika hati ya kufungashia: lugha hii, toleo hili, vipande hivi. Kompyuta inafungasha, na furushi linapata alama yake, mfano wa lakiri ya forodha. Furushi hilo hilo lililojaribiwa ndilo linalopelekwa kazini, bila kufunguliwa na kufungwa tena. Mwaka 2014 Google ikaitoa Kubernetes, neno la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani, ya kuyapanga makontena mengi kwenye seva nyingi na kuliwasha jingine moja likizimika.

Sasa tuangalie kile ambacho kontena halibebi. Halibebi umeme. Halibebi ardhi linapotua. Sisi wa Jangwani tunalijua hili: karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa kwenye bonde la Mto Msimbazi, mabasi mapya yakaanza kazi Mei 2016, na zaidi ya mara moja maji yameingia humo. Mabasi hayakuwa mabovu. Kontena la programu nalo hutegemea kiini cha mfumo wa seva iliyolipokea, na nywila zake hupaswa kubaki nje yake.

Zaidi ya yote, halipaswi kubeba daftari. Mauzo, madeni na majina ya wateja hukaa pembeni, kwenye hazina yake, kwa sababu kontena hutupwa na kuletwa jingine wakati wowote. Kijana mmoja anayewaandikia wenye maduka programu, karibu na Mtaa wa Msimbazi, alinionyesha. Toleo jipya likileta balaa, analirudisha la jana kwa dakika moja. Lakini kama lile jipya limeshabadili mistari ya daftari, la jana halitaweza kuisoma, na mwenye duka atasimama mbele ya wateja asijue nani anadaiwa nini. Kwa hiyo daftari analinakili kwanza, analibadili kidogo kidogo kwa namna ambayo matoleo yote mawili yanaweza kulisoma, na hapeleki kitu kipya Jumamosi, soko likiwa limejaa.