Usukani Uliolegea Katika Magari ya Zamani ya Mvuto wa Magurudumu Manne: Namna ya Kubaini Chanzo Kabla ya Kununua Kipuri

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

Barabara za Nyanda za Juu Kusini huupima usukani wa gari kuliko barabara za tambarare. Barabara kuu ya TANZAM hupanda na kushuka Mlima Kitonga mkoani Iringa kwa kona zenye ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, na kabla ya kuingia Jiji la Mbeya dereva hukutana na Mlima Nyoka. Nje ya lami ziko njia za changarawe na udongo za Kilolo, Mufindi, Rungwe na Chunya, ambazo wakati wa masika huwa tope na wakati wa kiangazi huwa makorongo na mawimbi magumu yanayotikisa kila nati.

Katika njia hizo, gari linalompeleka mgonjwa hospitali au afisa ugani kijijini mara nyingi ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ile ambayo wananchi huiita "mkonga", au Land Rover 110. Magari hayo yanaaminika, lakini mengi yana umri mkubwa. Injini ikiharibika, gari husimama na safari huishia hapo. Usukani ukiachia katikati ya mteremko, dereva hana nafasi ya pili. Ndiyo maana Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, haimruhusu mtu kuendesha barabarani gari ambalo hali yake ni ya hatari.

Magari haya yana ekseli ya mbele iliyo nzima, yaani bomba moja la chuma lenye difu ndani yake, linalounganisha gurudumu la kulia na la kushoto. Kila ncha ya ekseli ina kifundo kinachozunguka juu ya kingpini mbili, ya juu na ya chini. Rodi moja huunganisha vifundo viwili ili magurudumu yageuke pamoja, na rodi nyingine huleta nguvu kutoka boksi ya stelingi iliyofungwa kwenye chesi. Land Cruiser za mfululizo wa 70, ulioanza mwaka 1984, zilikuja kwanza na springi za bapa mbele. Kuanzia mwaka 1999 aina za 78 na 79 zilipewa koili. Land Rover 110 imekuwa na koili tangu ilipotoka mwaka 1983. Tofauti hiyo si ndogo, kwa sababu gari lenye koili hutegemea rodi ya mlalo inayoizuia ekseli isihame kulia wala kushoto, na bushi za rodi hiyo zikilika gari hutikisika mithili ya gari lenye kingpini mbovu.

Uchunguzi mzuri huanza kwa maswali, na fundi anayeingia uvunguni bila kumsikiliza dereva hupoteza nusu ya ushahidi. Je, usukani hutikisika baada ya gurudumu kupiga shimo, kisha mtikisiko hukua hadi gari lipunguze mwendo? Hiyo ni dalili ya ulegevu kwenye kingpini, rodi au bushi. Je, hutetema katika mwendo fulani tu hata lami ikiwa laini? Anza na rimu iliyopinda au tairi lisilo na uwiano. Je, gari huvuta upande mmoja? Badilishana matairi ya mbele, la kulia liende kushoto. Mvuto ukihamia upande wa pili, tairi ndilo lenye kosa. Ukibaki palepale, angalia breki inayong'ang'ania au beringi iliyokazwa kupita kiasi.

Upepo wa matairi upimwe kabla ya yote. Ni jambo dogo, hugharimu dakika chache, na limewahi kuokoa bei ya boksi nzima ya stelingi.

Baada ya hapo gari lisimame mahali tambarare, magurudumu yote yakiwa chini na breki ya mkono imevutwa. Mtu mmoja aketi kwenye usukani na kuuzungusha kidogo kidogo kushoto na kulia, injini ikiwa inaunguruma endapo gari lina pawa stelingi. Wa pili aangalie na kugusa kila kiungo, kuanzia juu kushuka chini: jointi za nguzo ya usukani, bolti za boksi ya stelingi, mkono wa boksi, kisha ncha za rodi moja baada ya nyingine. Vidole vikiwekwa juu ya kiungo huhisi mwachano ambao macho hayauoni. Gari halitakiwi kunyanyuliwa kwa jeki katika hatua hii, kwa kuwa uzito wake ndio unaodhihirisha ulegevu.

Sehemu mbili husahaulika sana. Ya kwanza ni chesi yenyewe pale boksi ya stelingi ilipofungwa: usafi wa eneo hilo ni wa lazima, maana ufa mwembamba hujificha chini ya matope na grisi. Ya pili ni nati zinazoshika mkono wa stelingi juu ya kifundo cha Land Cruiser. Zikilegea, mkono hucheza, na mwishowe bolti zake hukatika. Kutu nyekundu inayotoka kama unga pembeni mwa nati ni dalili kwamba vyuma viwili vinasuguana mahali ambapo havikupaswa kusogea.

Hatua inayofuata ni kuinua gurudumu moja la mbele. Ekseli ikae juu ya stendi imara, si juu ya jeki pekee, na magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa mawe au magogo. Shika tairi juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, chanzo ni beringi za gurudumu au kingpini, na njia ya kutofautisha ni rahisi: msaidizi akanyage breki. Ulegevu ukitoweka, beringi za gurudumu ndizo zinazohitaji kukazwa au kubadilishwa. Ukibaki, kingpini zimelika. Mtihani huu haudai kifaa chochote, na unamwezesha mwenye gari kujua kama bili anayoandikiwa inalingana na ubovu uliopo.

Angalia pia upande wa ndani wa gurudumu. Mafuta mepesi yanayochuruzika kutoka kwenye kifundo cha Land Cruiser humaanisha kwamba sili ya ndani ya ekseli imekwisha. Mafuta ya difu yamepita na kuyeyusha grisi iliyokusudiwa kulinda jointi na kingpini. Kubadilisha kingpini huku sili hiyo ikiachwa ni kurudi gereji baada ya muda mfupi. Katika Land Rover, tazama uso wa tufe la kifundo: likiwa na mashimo ya kutu, litaitafuna kila sili mpya. Mlio wa kukatika-katika wakati wa kukata kona huku mvuto wa mbele ukiwa umeunganishwa huelekeza kwenye jointi ya ekseli iliyomo ndani ya kifundo.

Kuhusu mkao wa magurudumu, ipo dhana kwamba kila gari hutaka magurudumu ya mbele yaelekeane kidogo kwa mbele. Si kweli. Land Rover za zamani zenye springi za bapa hutaka hivyo, kwa milimita 1.2 hadi 2.4, ilhali 110 hutaka yawe sambamba au yaachane kwa mbele hadi milimita 2. Kitabu cha gari husika ndicho chenye neno la mwisho. Kipimo kilichokosewa hula matairi na hulifanya gari litangetange barabarani.

Mizigo nayo ina sehemu yake. Baadhi ya wenye magari yanayobeba viazi na mbao huongeza springi za nyuma ili gari lisilale. Nyuma inapoinuka, mlalo wa kingpini hupungua, na usukani hupoteza tabia yake ya kurudi katikati baada ya kona. Dereva hulalamikia stelingi, kumbe kosa liko nyuma ya gari.

Mambo mawili hufanywa haraka mno. Moja ni kukaza skrubu iliyo juu ya boksi ya stelingi ili kuondoa ulegevu ambao haujachunguzwa. Ikikazwa kupita kiasi, meno hulika na usukani hugoma kurudi. Jingine ni kununua shokapu mpya ya stelingi mara gari linapotikisika. Shokapu hupunguza mtikisiko lakini haiponyi kiungo kilicholika, na gari linaloonekana kupona kwa namna hiyo ni la hatari zaidi kwa sababu dereva amenyang'anywa onyo.

Kwa magari ya Serikali, matengenezo ni jukumu la Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA, wenye karakana Mbeya na Iringa. Dereva aandike dalili alizoziona, mwendo wa gari na aina ya barabara, badala ya kuandika "usukani mbovu" pekee. Mwenye gari binafsi naye anaweza kumtaka fundi amwonyeshe ulegevu kwa macho kabla ya kufungua, na ampatie kipuri cha zamani baada ya kazi.

Gari lililofunguliwa vifundo lijaribiwe kwanza mahali tambarare pasipo na magari mengi, kwa mwendo mdogo, kabla ya kupelekwa Kitonga au Mlima Nyoka. Nati za mkono wa stelingi, yuubolti za springi na bolti za boksi zikazwe tena baada ya siku chache za kazi, na pini za usalama kwenye ncha za rodi zihesabiwe moja moja.