Ng'ambo ya Mto na Ng'ambo ya Bahari: Historia ya Maandalizi ya Safari za Masomo katika Mpaka wa Busia na Tororo

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili, neno ng'ambo lina maana mbili zinazokaribiana: upande wa pili wa mto au hori, na nchi za mbali zinazofikiwa kwa kuvuka bahari. Kwa wakazi wa Lunyo, kaunti ndogo iliyoko kusini mwa Wilaya ya Busia nchini Uganda, maana ya kwanza ni jambo la kila siku. Mto Sio, ambao ni sehemu ya mpaka wa Uganda na Kenya, umewagawa Wasamia kiutawala bila kuwagawa kiukoo wala kilugha. Kaskazini zaidi, Mto Malaba umefanya hivyohivyo kwa Wateso. Makala haya yanadai kwamba historia ya vijana wa ukanda huu kujiandaa kwenda masomoni ugenini ni historia ya ng'ambo ya karibu kugeuzwa kuwa ya mbali. Maandalizi yao yalihitaji mambo matatu: nauli, hati na lugha. Uzito wa kila moja ulipanda na kushuka kufuatana na maamuzi ya kisera.

2.0 Kipindi cha Reli na Makerere

Hadi mwaka 1902, eneo ambalo leo ni magharibi mwa Kenya lilikuwa sehemu ya Jimbo la Mashariki la Uganda. Uhamisho wa jimbo hilo ulianzisha mpaka mpya, lakini haukuzuia safari za elimu. Makerere, iliyoanza kama shule ya ufundi katika miaka ya mwanzo ya 1920, ilipokea vijana kutoka Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Reli iliyopitia Nakuru, Eldoret na Tororo ilifika Kampala mwaka 1931, na Tororo ikawa lango la wanafunzi waliotoka Kenya. Hadi Chuo cha Ufundi cha Kifalme kilipofunguliwa Nairobi mwaka 1956, Mkenya Mwafrika aliyetaka elimu ya juu bila kutoka Afrika Mashariki alielekea Makerere. Maandalizi makubwa katika kipindi hiki yalikuwa ya nauli na karo. Mpaka ulikuwepo, lakini wote walikuwa chini ya utawala mmoja wa Kiingereza, na mwanafunzi hakuhesabiwa kuwa mgeni.

3.0 Pasipoti Kama Kikwazo

Mwishoni mwa miaka ya 1950 safari za masomo zilianza kuvuka bahari kwa wingi. Septemba 1959, wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege kwenda Marekani kwa mpango ulioongozwa na Tom Mboya. Hadi mwaka 1963 mpango huo ulikuwa umesafirisha mamia ya wanafunzi wa Afrika Mashariki. Maandalizi yalikuwa kazi ya jamii nzima. Ndugu na majirani walichanga, karamu za chai ziliandaliwa ili kukusanya fedha, na mifugo iliuzwa. Kwa hiyo aliyeondoka alibeba pia deni la heshima kwa waliobaki.

Si wote waliopita uwanja wa ndege. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, baadhi ya vijana wa Kenya waliopata nafasi katika nchi za kisoshalisti kwa juhudi za Oginga Odinga hawakuweza kupewa pasipoti na serikali ya kikoloni. Walivuka hadi Uganda, wakapitia Sudan, wakafika Cairo, na kutoka huko wakaendelea na safari. Kwao ng'ambo ya karibu ilikuwa mlango wa ng'ambo ya mbali. Hati, ambayo zamani ilikuwa jambo dogo, sasa iliamua nani asafiri wazi na nani asafiri kwa siri.

4.0 Chuo Kikuu Kimoja na Kuvunjika Kwake

Kati ya mwaka 1963 na 1970, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kiliunganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam kwa kugawana taaluma. Kijana wa Tororo aliyetaka kusomea sheria alijiandaa kwenda Dar es Salaam. Mwenziwe wa upande wa Kenya aliyetaka udaktari alielekea Makerere. Katika kipindi hiki kikwazo kilichojitokeza zaidi kilikuwa cha lugha. Kiswahili kilikuwa kimeondolewa katika shule za Uganda mwaka 1952, hivyo Mganda aliyefika Dar es Salaam alifundishwa kwa Kiingereza darasani, lakini nje ya darasa alilazimika kujifunza upya namna ya kuamkia wazee na kununua mahitaji.

Chuo hicho kilivunjwa mwaka 1970, na Jumuiya yenyewe ikavunjika mwaka 1977. Katikati ya hayo, Februari 1976, Idi Amin alidai sehemu za magharibi mwa Kenya, na mpaka ukawa mahali pa hofu. Mwanafunzi wa jirani akawa raia wa kigeni.

5.0 Hali ya Sasa na Mapendekezo

Leo Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007, kipo Wilaya ya Busia upande wa Uganda, na Chuo Kikuu cha Alupe kipo Kaunti ya Busia upande wa Kenya. Kusoma muhula mmoja kutoka kimoja hadi kingine ni kusoma nchi ya nje. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kusafiri kati ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa, na mwaka 2017 wakuu wa nchi walitangaza Eneo la Pamoja la Elimu ya Juu la Afrika Mashariki. Kwa hiyo suala la hati limepungua. Yaliyobaki ni ada na lugha.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, vyuo vya mpakani vianze kubadilishana wanafunzi wa muhula mmoja kwa ada ya nyumbani, kabla ya kusubiri makubaliano ya kanda nzima. Pili, kozi fupi ya Kiswahili itolewe kwa wanafunzi wa Uganda kabla ya kuondoka. Tatu, maelezo ya usajili na vibali yaandikwe kwa Kiswahili ili mzazi anayechangia nauli ayaelewe.

Mzazi wa Lunyo huvuka Mto Sio kwenda msibani bila kujiona mgeni. Sera ya elimu ya juu itakuwa imefanikiwa mtoto wake atakapovuka mto huohuo kwenda darasani akiwa na hadhi hiyohiyo.