Ziwa Nalo Lilikuwa na Siku Zake za Kupumzika

Mwanafunzi mmoja hapa Uvira aliniuliza: « Mwalimu, kufunga ziwa ni sheria ya nani? » Wengi wanadhani ni jambo lililotoka Kinshasa ao kwa wazungu tu. Haiko vile kabisa. Tuangalie historia.

Wazee wetu wa Ziwa Tanganyika walivua usiku. Mbele ku mtumbwi waliwasha moto wa kuni; ndakala wakafuata mwangaza, na mvuvi akawachota na lusenga, ule wavu wenye mpini murefu. Lakini mwezi ukiwa mkubwa, moto hauvuti samaki tena. Basi kila mwezi kulikuwa siku kadhaa bila kuvua. Wanaume walitengeneza nyavu na mitumbwi, ao walienda ku shamba la mihogo pamoja na wake zao. Hawakuita ile « kulinda samaki ». Hata hivyo ziwa lilipumzika, na shamba lililisha nyumba.

Miaka ya 1950 mambo yaligeuka. Wagiriki walileta mashua kubwa na nyavu za kuzungusha. Wavuvi wa kienyeji nao walianza kufunga mitumbwi pamoja, wavu katikati, na taa za petroli. Mavuno yakapita sana yale ya lusenga. Kisha watu wakaongezeka. Vita vya 1996 na 1998 vikafukuza wengi ku mashamba yao, wakakimbilia pwani. Kuko waliovua hata na chandarua cha mbu karibu na inchi kavu, pale penye samaki wadogo wanakomalia. Kuvua vile ni kula mbegu mbele ya kupanda.

Tena ziwa lenyewe linapata joto. Mwaka 2003 wataalamu walionyesha kwamba maji ya juu yakipata joto, hayachanganyike vizuri na ya chini, na chakula cha samaki kinabakia kule chini. Mwaka ule ule Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mapatano ya kuchunga ziwa pamoja.

Ndiyo namna tulifika ku mwaka 2024: uvuvi ulisimamishwa miezi mitatu, toka 15 Mei mpaka 15 Agosti. Kwa jirani zangu niliona tofauti moja. Mwenye shamba alivumilia. Mwenye kutegemea wavu peke yake aliingia mu madeni, na wengine walivua kwa kujificha. Siwasifu, lakini mtoto mwenye njaa haelewi sheria.

Siku za mwezi mkubwa zilikuwa chache, na shamba lilikuwa tayari. Miezi mitatu ni murefu, na shamba wengi hawana tena. Kwa hiyo kupumzisha ziwa kunaomba matayarisho. Ngambo, mu vijiji vya Tanzania karibu na Mahale, wavuvi wenyewe wanachagua kamati za pwani zinazochunga mahali samaki wanazalia. Siye pia tunaweza. Tuanze mbele ya ziwa kufungwa: likelemba ya wavuvi, mihogo, kuku, na wamama wauza samaki wakae mu mkutano, sababu wao ndio wanajua bei ya njaa.

Wazee walingoja mwezi upungue. Siye tujifunze kungoja tukiwa tumeshiba.