Mwizi Aliyeijua Saa ya Hesabu

Novemba 1961, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha CTSS, mfumo uliowezesha watu kadhaa kutumia kompyuta moja ya IBM kwa pamoja. Kwa kweli kompyuta ile haikuwahudumia kwa pamoja. Ilimpa huyu kipande cha muda, ikamwacha, ikamwendea mwenzake, kisha ikarudi. Kwa kuwa ilizunguka upesi, kila mmoja alijiona kama ameachiwa mashine peke yake. Papo hapo likazuka swali ambalo halijaisha mpaka leo: zamu zigawiwe vipi, na hesabu yake ishikwe na nani?

Mnamo 1967 IBM ikawa na CP-67, iliyompa kila mtumiaji kitu kinachofanana na kompyuta nzima, ingawa ni kompyuta pepe. Programu inayozisimamia kompyuta pepe za namna hiyo huitwa haipavisa. VM/370 ikafuata mwaka 1972. Enzi hizo waliogawana mashine mara nyingi walikuwa wa kampuni moja au chuo kimoja, na aliyepora zamu za wenzake angeweza kuitwa ofisini.

Agosti 2006 Amazon ilifungua EC2, ikaanza kukodisha kompyuta pepe kwa senti 10 za dola kwa saa. Sasa wasiojuana walikaa juu ya prosesa moja, na bili ilifuata saa za ukutani, si kazi iliyofanyika. Chini yao kulikuwa na Xen, haipavisa iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, na kutangazwa kwa wataalamu mwaka 2003.

Mgawa zamu wa Xen aliitwa Credit, na kazi yake ilieleweka kwa urahisi. Kila kompyuta pepe ilikuwa na salio la muda, mithili ya salio la simu. Kila baada ya milisekunde 10 saa iligonga, na aliyekutwa anaitumia prosesa alikatwa pointi 100. Kila baada ya milisekunde 30 masalio yalijazwa upya kwa kadiri ya haki ya kila mmoja. Tena kulikuwa na upendeleo: kompyuta pepe iliyolala na kuamka ikiwa bado na salio ilipelekwa mbele ya foleni, ili anayesubiri data ya mtandao asicheleweshwe.

Aliyewahi kupanga nyumba yenye mita moja ya umeme ameshaona ufa ulipo. Mwenye nyumba akipita saa moja kamili kila jioni kuona nani anapikia jiko la umeme, mpangaji mjanja atalizima saa moja kasoro dakika tano, na lawama itamwangukia jirani anayechemsha chai.

Mwaka 2011 Fangfei Zhou na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Boston, walifanya hivyo hasa. Kompyuta yao pepe ilifanya kazi kwa karibu milisekunde zote 10, kisha ikalala kabla tu saa haijagonga. Jirani akakutwa ndani, akakatwa pointi zote 100. Mjanja akaamka na salio zima, akapelekwa mbele ya foleni. Katika maabara yao alijipatia karibu asilimia 98 ya prosesa, na kwenye EC2 yenyewe alifika asilimia 85. Hakuvunja kufuli lolote.

Kinachonisikitisha ni kwamba onyo lilikuwapo. Steven McCanne na Chris Torek waliandika mwaka 1993 kwamba saa ya ukaguzi inafaa igonge kwa nasibu. Mwaka 2007 Dan Tsafrir na wenzake wakaonyesha kwamba hila hiyo iliweza kufanya kazi kwenye mifumo endeshi ya Linux, Windows XP, Solaris na FreeBSD. Mac OS X ilisalimika, kwani saa yake haikugonga kwa mpigo uleule. Waliojenga huduma za kukodisha kompyuta pepe walirithi saa ya zamani pamoja na udhaifu wake.

Dawa ilikuwa moja kati ya mbili: kupima muda halisi uliotumika, au kufanya ukaguzi usitabirike. Xen ilichukua ya kwanza. Credit2, mgawa zamu mpya anayekata salio kwa muda uliotumika, akawa wa kawaida katika toleo 4.12 la mwaka 2019.

Lakini Agosti 2018 udhaifu wa prosesa za Intel ulioitwa L1TF ulikuwa umeonyesha kwamba wawili wanaotumia kiini kimoja cha prosesa wanaweza kuchunguliana siri, hata kama kila mmoja amepata zamu yake kwa haki. Mgawa zamu akatakiwa pia kuangalia nani anaketi karibu na nani. Toleo 4.13 la Xen, la Desemba 2019, likaleta njia ya kugawa zamu kwa kiini kizima, wageni wasichanganywe. Njia hiyo haijiwashi; msimamizi wa mashine huiwasha mwenyewe.