Hiace yako ya camping inayumba? Usikimbilie kuongeza springi

Msee, umegeuza Hiace ikawa keja: kitanda, meko, tanki ya maji. Ukitoka Bungoma kupitia Webuye na Kamukuywa ukienda Kitale, lori ikikupita ndinga inayumba, kwa kona inalala. Fundi wa jua kali atakushow uongeze bamba za springi nyuma. Hizo hubeba mzigo tu. Kutuliza mrusho ni kazi ya shoki, na kulala kwa kona ni kazi ya stabilaiza.

So anza na bushi na shoki, ubadilishe mbili mbili, kisha stabilaiza nene. Bolti za bushi zisikazwe gari ikiwa juu ya jeki. Ishushwe ikanyage chini kwanza, la sivyo raba zitakaa zimejipinda na kupasuka mapema.

Bado unataka kuinua nyuma? Cheki breki. Hiace zingine ziko na valvu inayopima mzigo kwa vile nyuma imeshuka. Ukiinua, inadhani gari ni tupu na inapunguza breki za nyuma. Ukishuka Mlima Elgon na tanki imejaa, hiyo si jokes. Fundi airekebishe, kisha apange magurudumu. Ukifika kama kilomita 500, yubolti zinazoshika springi zikazwe tena.