Kasha la Njumu na Historia Iliyomo

Katika nyumba za kale za Mombasa, Lamu na Unguja huonekana makasha makubwa ya mbao, yaliyopambwa kwa mabamba na misumari ya shaba. Wageni huyaita makasha ya Zanzibar. Jina hilo humpendeza mnunuzi, walakini humpoteza, kwani mengi ya makasha hayo yaliundwa India, hasa Surat na Bombay, ambayo leo huitwa Mumbai. Mafundi wa pwani yetu nao waliunda yao, lakini asili ya kasha haijulikani kwa kulitazama mara moja.

Kasha lilikuwa mwenzi wa msafiri. Kaskazi ilipovuma, majahazi yalishuka kutoka Arabuni na India, na nahodha alikuwa na kasha lake la kutilia nguo, fedha na hati. Likifika nchi kavu, pengine liliingia nyumbani likawa la bibi arusi, akatia humo mavazi na mapambo. Ndiyo maana ndani mara nyingi mna kijisanduku cha upande, chini mna saraka za kuvuta, na katika baadhi yao mna mahali pa siri.

Basi atakaye kulitambua kasha na alisome kama asomavyo hati. Kwanza atazame mbao: msaji ulipendwa kwa kuwa hauozi upesi wala hauliwi na wadudu kwa urahisi. Kisha atazame misumari: iliyotengenezwa kwa mkono haifanani sawasawa, iliyotoka mashineni hulingana. Parafujo yenye alama ya msalaba kichwani ilianza kuenea katika miaka ya 1930. Ikionekana katika bawaba, ama kasha si la kale, ama bawaba zimetiwa baadaye. Chini na nyuma pachunguzwe zaidi kuliko mbele, maana mdanganyifu hupamba panapoonekana.

Hatari kubwa imo katika kulitengeneza. Fundi mwenye haraka huparuza mbao kwa msasa, akapaka vanishi, akaisugua shaba hata ikang'aa kama mpya. Mwenye duka hufurahi, lakini nakshi nyembamba na alama za matumizi ya miaka mingi zimekwenda, wala hazirudi. Fundi mwangalifu hupiga picha kwanza na kuandika alichokiona. Hufuta vumbi kwa brashi laini. Akiona unga mpya chini ya vitundu, hujua kwamba wadudu wangali kazini. Palipopotea msumari hutia wa shaba, si wa chuma, kwani katika hewa ya chumvi chuma kikigusana na shaba huliwa na kutu upesi, na mbao hupata doa. Kila alichoongeza hukiandika, ili atakayekuja baadaye asidanganyike.

Kazi hiyo si ya uzuri tu. Sheria ya Kenya ya Makumbusho ya Taifa na Urithi, ya mwaka 2006, hukihesabu kitu kama hiki kuwa cha kale kikiwa kilitengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895, na kukitoa nje kunahitaji kibali. Fundi aondoaye dalili za umri wa kasha huondoa ushahidi ambao ungalizuia lisiuzwe ng'ambo kama samani ya kawaida. Kovu moja lililoachwa mahali pake laweza kuwa ndilo shahidi wa pekee aliyesalia.